Nipe Vipimo vya Dirisha Lako

Nimechoka kuulizwa. Kila binti wa hapa Bellevue akipata nafasi ya kwenda Uingereza kulea wazee wao, lazima apite kwangu kwanza. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, maana kiti ninacho kimoja na nimekikalia mimi, halafu ananitupia swali lile lile: eti Waingereza wanakaa nyumba za namna gani? Aliyeanza ni Neema, binti wa majirani zangu Warundi. Amezaliwa hapa hapa Johannesburg. Kiswahili anakisikia vizuri, ila akikisema kinamtoka kwa vipande.

"Gogo," aliniambia, maana huku bibi wanamwita gogo, "wewe umefanya kazi kwa nyumba zao miaka yote. Ziko aje? Mimi nitalala wapi huko?"

Basi naandika mara moja, yaishe, na anayetaka asome. Naitwa Mwanaidi, mzaliwa wa Tanga, na kazi yangu katika mji huu ilikuwa kushona mapazia. Sikushona magauni wala sare za shule, nilishona mapazia tu, mpaka macho yalipogoma. Uingereza sijakanyaga. Lakini Waingereza waliohamia huku nimewashonea wengi, na mshona mapazia anaingia kila chumba, hata kile ambacho mgeni haonyeshwi. Anapanda ngazi, anaelekea dirishani, anawapa wenye nyumba mgongo, na watu wakishaona mgongo wako wanasahau kwamba una masikio. Hivyo nyumba zao nazijua kwa njia mbili, kwa tepu na kwa maneno yao wenyewe.

Kazi nilifundishwa na Papa Kasongo, Mkongo wa Lubumbashi, aliyekuwa na duka lake Yeoville, mlango mmoja kutoka kwa msusi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye pini mdomoni kutwa nzima, na alikuwa na uwezo wa kukutukana vizuri bila hata pini moja kudondoka. Siku ya kwanza alinipa tepu ya chuma, ile ya kitambaa akaitupa kwenye takataka. Alisema tepu ya kitambaa ikizeeka inavutika, halafu inakuwa mwongo. Akaniambia dirisha linapimwa juu, katikati na chini, kwa sababu nyumba za zamani zimekaa upande kama watu waliochoka. Kitambaa kiwe upana mara mbili, la sivyo pazia likifungwa linakuwa kama shuka lililoanikwa. Bitana usiache kamwe, jua la huku juu linakula rangi. Na pindo la chini usilishone mpaka pazia lining'inie siku kadhaa, maana kitambaa kizito kinarefuka chenyewe. Haya niliyafuata maisha yangu yote ya kazi. Sijui yatamsaidia nani sasa, watu wananunua mapazia yaliyokwisha kushonwa, yamo ndani ya mfuko wa nailoni, na yote hayafiki chini.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa ya Madam Doreen, na ilikuwa hapa hapa Bellevue. Naomba muishike akilini nyumba hiyo. Ilikuwa imesimama peke yake, haigusani na jirani upande wowote, ina paa la bati jekundu, baraza refu mbele, na sebule yenye dirisha ambalo mimi nililiita dirisha lenye tumbo. Ukuta umetokeza nje kama mjamzito, na dirisha lina nyuso tatu, moja inatazama barabara na mbili zimeinama pembeni. Mimi nikafika na tepu yangu mpya, nikapima kutoka kona hadi kona, moja kwa moja, nikarudi dukani najiona fundi. Tulipokwenda kutundika, mapazia yalifika nusu. Tumbo lote lilibaki wazi.

Papa Kasongo alitoa pini mdomoni, jambo ambalo alilifanya kwa nadra. "Mama Mwana, sikia. Hii hapana nguo ya mutu. Mutu ukimupima anaweza kuvuta tumbo ndani. Nyumba haiwezi kuvuta tumbo. Pima na tumbo yake yote, njo vile."

Madam Doreen alicheka mpaka akakaa chini. Badala ya kutufukuza alileta chai, na kitambaa kikaongezwa. Kilikuwa kitambaa kizito cha kijani chenye ndege wadogo wekundu waliotawanyika kila mahali, alichokipenda kuliko vitu vyote vya mle ndani. Tangu hapo akawa hataki fundi mwingine. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, msema kweli, aliyezaliwa huko kwao kwenye mji wa viwanda na kuletwa huku na mume wake mhandisi. Nikiwa juu ya ngazi alinisimulia nyumba alizopitia, na hapo ndipo nilipopata jibu la swali lenu, kwa hiyo sikilizeni.

Alizaliwa kwenye nyumba za safu. Ni nyumba zilizoshikana barabara nzima, ukuta wako wa kulia ni wa jirani na wa kushoto ni wa jirani mwingine. Mlango unafunguka moja kwa moja njiani, bila ua, bila nafasi ya hata kuvua viatu. "Jirani akipiga chafya," alisema, "baba yangu alimwombea afya akiwa kitandani." Dirisha la mbele lilivalishwa pazia jeupe jepesi mchana kutwa ili wapita njia wasione ndani, na wanawake walishindana kulifua, kwa sababu mtaa ulimpima mama wa nyumba kwa weupe wa pazia lake. Niliposikia hivyo nilimpenda. Nilidhani ni wa kwetu tu wanaopimana hivyo.

Dada yake aliolewa akahamia nyumba pacha. Hizo ni nyumba mbili zilizoshikana ukuta mmoja tu, upande wa pili una uchochoro na nyuma una bustani. Kila mmoja anapaka nusu yake rangi aitakayo, na ugomvi wa rangi unaweza kudumu mpaka watu wazikwe. Juu ya hapo ndiyo nyumba ya kusimama peke yake, kama yake ya Bellevue. Wapo pia wanaokaa kwenye ghorofa, madirisha ya chuma, jikoni huwezi kugeuka na sufuria. Lakini Madam Doreen alinipa kanuni moja ambayo sijaisahau. Alisema Mwingereza akipata kidogo anauondoa ukuta mmoja wa jirani. Akipata zaidi anauondoa wa pili. Hiyo ndiyo safari yao yote, kukimbia chafya ya jirani.

"Na mimi nimefika mwisho wa safari, Mwana," aliniambia siku ile, akigonga ukuta wake ambao nyuma yake hapakuwa na mtu, palikuwa na miti ya waridi tu. Alikuwa na furaha kama mtu aliyeshinda mashindano.

Wakati ule nilikuwa na binti yangu Zuhura, bado mdogo. Baba yake alirudi Tanga akaoa, hadithi yake imeishia hapo. Sikuwa na wa kumwachia mtoto, kwa hiyo alikua mikononi mwangu kazini, yeye ndiye aliyeshika ncha ya pili ya tepu. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Nilimwambia, ukinidanganya kwa mdomo nitakasirika na nitasamehe, lakini ukinidanganya kwa tepu, pazia halitafunga na kila mtu ataona. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, mwenye kupamba kila kitu. Paka akionekana uani yeye alisimulia chui. Ila akishika tepu alikuwa anakunja uso na kutaja kilichoandikwa, hapunguzi, haongezi.

Nawasimulia kosa langu lingine kubwa, maana bila hilo hamtaelewa yanayofuata. Palikuwa na mume na mke Waingereza huko Randburg waliotoboa paa la nyumba yao ili wapate chumba cha darini, na katika paa wakaweka dirisha. Dirisha lenyewe limelala kwa mteremko kama paa lilivyoteremka. Mimi nikashona pazia zuri, nikaweka njia ya fimbo juu, lile pindo la kupitishia fimbo, kama kawaida, nikaenda kutundika. Likaning'inia katikati ya chumba kama kanga mbichi kwenye kamba, na dirisha lipo nyuma yake, linatazama mbingu bila haya. Zuhura alianguka kwa kicheko. Mwenye nyumba naye akacheka, akasema kwao vyumba hivyo vya darini zamani walilazwa watumishi, na siku hizi wanapangishwa watu wasio na pa kwenda, na unasimama wima katikati tu, ukisogea pembeni unagonga kichwa.

Papa Kasongo alipoona akatikisa kichwa. "Fimbo mbili, mama. Moja kwa kichwa, moja kwa miguu. Dirisha ya paa unaifunga huku na huku sawa na maiti, sasa itaanguka wapi?" Tangu siku hiyo nikajua. Katika kazi yangu yote sikuwahi kukutana na dirisha jingine linalodai fimbo ya chini. Zuhura aliigeuza ikawa utani wetu. Nikimkosea kitu aliniambia, Mama, umesahau fimbo ya miguu.

Sasa turudi kwa Madam Doreen. Mume wake alifariki, majirani zake wakauza mmoja mmoja na kuhamia kaskazini mwa mji, naye akaja kuuza. Akahamia Randburg kwenye zile nyumba zilizozungushiwa ukuta mmoja mkubwa, zenye mlinzi getini, zimeshikana safu nzima. Nilikwenda kupima. Sebule ilikuwa na mlango wa kioo wa kusukuma na kidirisha kimoja, na hapakuwa na tumbo popote.

"Usishone mapya," alisema. "Kata haya ya kijani."

Jamani, kukata pazia zuri kunauma. Nilikata, mkasi unalia, yeye amesimama kando amekunja mikono. Kile kipande kikubwa kilichobaki alinipa nikitunze, eti huenda akapata tena dirisha kubwa. Nilipomaliza kutundika aligonga ukuta, na upande wa pili mtu akakohoa.

"Nimerudi kwa baba yangu," akasema, na safari hii hakucheka.

Baada ya hapo walimpeleka kwenye nyumba ya wazee. Nikakata tena. Dirisha la chumba chake lilitosha kuonyesha ndege wachache wa kile kitambaa, na kati ya kitanda chake na cha mwenzake hapakuwa na ukuta, palikuwa na pazia la plastiki kwenye reli. Nilimtembelea mpaka mwisho. Siku moja alinishika mkono akasema, "Mwana, wewe utaondoa kuta ngapi?" Alipokufa, ndugu zake walikuja kuchukua vyombo, na kile kipande kikubwa hakuna aliyekiuliza.

Macho yangu yalipoanza kuona nyuzi mbili palipo na uzi mmoja, nikaacha kazi. Papa Kasongo alikuwa ameshakufa na duka limekuwa la simu. Nilihitaji chumba, na chumba nilichokipata kilikuwa ndani ya nyumba ile ile ya Madam Doreen. Msidhani ni baraka. Ilikuwa imeshagawanywa kuanzia barazani hadi bafuni, kila mlango una familia, na waridi zimeng'olewa ili watu wapike uani. Sebule ilikatwa katikati kwa mbao nyembamba. Ubao ule ulikwenda kugota kwenye dirisha lenye tumbo, uso wa katikati, ukaligawa. Nusu ya tumbo ikawa yangu, nusu ikawa ya kina Neema. Nikitaka hewa lazima nigonge ubao niwaombe nao wafungue, la sivyo haliendi. Neema alipopiga chafya mimi nilimwombea afya nikiwa kitandani.

Nilitundika kile kipande cha kijani kwenye nusu yangu. Kilikaa vizuri sana. Nilikuwa nimelipima dirisha hilo nikiwa kijana, na tumbo lake lote.

Zuhura wakati huo alikuwa ameshakwenda Uingereza kulea wazee, kama mnavyokwenda nyinyi. Simu zake ndizo zilizonishika nisianguke. Alinieleza kwamba amepata nyumba pacha, mtaa umetulia, nyuma kuna bustani yenye mti wa matunda. "Chumba chako kipo, Mama," aliniambia kila mara. "Kinatazama bustani. Nakisafisha kila Jumapili." Nilimwambia anionyeshe kwa video, akasema ndani ya nyumba mtandao unasumbua, kuta zao nene. Kwa hiyo nilimwona akiwa kituo cha basi, au jikoni kazini, kofia kichwani. Nami niliamini. Kuta zao ni nene kweli, si ndiyo?

Mwanzo wa baridi ya mwaka huu mwenye nyumba mpya alikuja na watu wake wakapima kila kitu, akatangaza kwamba baridi ikiisha tuwe tumetoka wote. Nyumba inavunjwa. Mlisikia wenyewe kilio cha uani siku ile. Mama yake Neema alikuja kwangu amekaukiwa midomo, akaniuliza, "Dada, weye uzokwenda wapi?" Kirundi chake na Kiswahili chake hutoka pamoja akiwa na hofu. Nikamjibu kwa maringo, Mungu anisamehe, kwamba mimi naenda kwa mwanangu Uingereza, chumba kipo, kinatazama bustani. Tanga siwezi kurudi, nyumba ya marehemu mama iliuzwa zamani na walionijua wamelala makaburini. Lakini sikuwa na wasiwasi. Niligawa sufuria zangu zote nikabakiza moja. Niligawa blanketi la pili. Cherehani nilimwahidi msichana wa Kikongo anayeshona barazani, nikamwambia nikimaliza pindo zangu chache itakuwa yake.

Ndipo Neema akapata safari yake. Nikafikiri, wacha nitume pazia litangulie, nikifika nilikute chumbani kwangu. Nikamwachia Zuhura ujumbe wa sauti: "Mwanangu, Neema anakuja huko. Nipe vipimo vya dirisha lako, na la chumba changu pia, nishone mara moja."

Hakujibu siku ile wala ya pili. Kwa kawaida anajibu kabla chai haijapoa. Nilijua ana zamu. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, mchana, jua limeingia kwenye nusu yangu ya dirisha, simu ikalia. Nilisikiliza ujumbe wake. Sauti yake ilikuwa ile ya utotoni, ya kukunja uso. Alitaja upana, na ulikuwa mdogo kama mlango wa kabati. Alitaja urefu.

"Na, Mama," akasema, "weka njia ya fimbo juu na chini."

Nilisikiliza mara ya pili, nikidhani nimesikia vibaya. Nikasikiliza tena. Mwanangu hakai kwenye nyumba pacha. Mwanangu amelala darini, chini ya paa la watu, kwenye chumba ambacho unasimama wima katikati tu. Bustani haipo. Angeweza kunipa vipimo vyovyote, angetaja dirisha la jirani, mimi ningejuaje? Kwa mdomo alinipambia miaka yote hiyo. Kwa tepu hakuweza.

Nikampigia. Alipokea papo hapo, maana alikuwa anasubiri.

"Nimepata vipimo," nikasema. "Hilo ni la chumbani kwako?"

"Ndiyo, Mama."

"Na la chumba changu?"

"Hilo hilo, Mama," akasema.

Sikumuuliza kwa nini alidanganya. Najua kwa nini. Nilimwambia dirisha la paa ni zuri, linaingiza mwanga mwingi. Akasema ndiyo, anaona ndege asubuhi. Tukaongea habari za joto la kwao na baridi ya kwetu, mpaka akaitwa kazini. Nilipokata simu nililia kwa sauti, sikujali ubao ni mwembamba. Upande wa pili wakanyamaza wote, hata yule mdogo wao anayepiga kelele kutwa.

Halafu nilipanda juu ya ndoo nikalishusha pazia la kijani. Duka ningekwenda, vitambaa vipo, lakini nilitaka alale chini ya kitu ambacho mikono yangu imekijua. Nilikata. Nilipima kwa tepu ile ile ya chuma ya Papa Kasongo, na kwa kuwa macho yanadanganya nilipapasa namba kwa ukucha, msichana wa barazani akanisomea. Niliweka bitana, kwa sababu baridi ya paa ni mbaya. Nikashona njia ya fimbo kichwani na njia ya fimbo miguuni. Siku Neema anaondoka nilimkabidhi likiwa limekunjwa.

"Gogo, hujanijibu," akasema. "Mimi nitalala wapi?"

"Watakapokulaza," nikamwambia. Alidhani namtania.

Sasa mnajua kwa nini sitaki kuulizwa tena. Mnataka niwaambie kuhusu nyumba za safu na nyumba pacha na za kusimama peke yake, na hizo zote zipo, sikatai, zimejaa Waingereza ndani yake. Lakini nyinyi hamwendi kukaa humo. Mnakwenda kufua mashuka humo, halafu mnapanda ngazi. Nilikuwa nadhani kuna mtu mmoja katika ukoo wetu ataondoa ukuta mmoja. Sidhani tena. Mkitaka ushauri wa kazi, ni ule ule niliopewa: msitumie tepu ya kitambaa. Na mama zenu wakiwaomba vipimo, wapeni vya kweli. Itawauma, watashona.

Wiki iliyopita Zuhura alinitumia picha. Pazia limekaa sawasawa, limekazwa huku na huku, halijaning'inia hata kidogo. Ndege wekundu wamelala kwenye mteremko wa paa, na chini yao kuna kitanda cha mtu mmoja, sanduku liko miguuni kwa kuwa hapana pengine pa kuliweka. Nilikuza picha nikatafuta pembeni nafasi ya godoro la pili. Nilikuza mpaka picha ikawa vumbi tupu.

Kwenye nusu yangu ya dirisha nimefunga kanga. Baridi inakaribia kuisha, kina mama Neema wameshafunga mizigo ya kwenda kwa ndugu yao Diepsloot, na watu uani bado wananipongeza, wananiuliza ndege ni lini. Nawaambia bado kidogo.

Na Zuhura aliniuliza. Alisema, "Mama, na wewe je? Nyumba ikivunjwa?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimeshapata chumba kizuri sana, kikubwa, kina dirisha lenye tumbo zima, silishiriki na mtu. Akasema alhamdulillahi. Yeye ni mtoto wa fundi, anajua la kuuliza baada ya hapo. Hajaniomba vipimo.